Breki za Nyuma: Kutoka Dramu Hadi Diski

Hotuba kwa mafundi, wanafunzi wa ufundi na wenye magari, Eneo la Viwanda, Nairobi

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu wa gereji, mafundi wenzangu mliotoka Grogan, Kariobangi, Gikomba na kwingineko, vijana mnaojifunza kazi, na nyinyi wenye magari mliokubali kuacha shughuli zenu za Jumamosi: hamjambo, na asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo gereji nyingi za jiji hili huulizwa kila mara, nayo ni kung'oa dramu za breki za nyuma na kufunga diski mahali pake. Nitautaja msimamo wangu mapema ili asiyekubaliana nami apate muda wa kuandaa maswali. Kazi hii inawezekana, na yapo magari yanayonufaika nayo kweli. Ila inagusa mfumo mzima wa breki, kuanzia pedali hadi pale tairi linapogusa lami, na fundi anayeiuza kama kazi ya kubadilisha vipuri vya gurudumu peke yake anamuuzia mteja hatari asiyoiona.

Tuanze na dramu yenyewe, kwa sababu wengi wanaoidharau hawajaielewa. Ndani yake mna viatu viwili vya breki vyenye umbo la mwezi mchanga, na baina ya ncha zake za juu pana silinda ndogo yenye pistoni mbili zilizopeana mgongo. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki huzisukuma pistoni hizo nje, viatu hufunguka na kusugua ukuta wa ndani wa dramu. Kile kiatu kinachotangulia katika mwelekeo wa mzunguko huvutwa na dramu inayozunguka, kikajikaza kuliko kilivyosukumwa, kwa hiyo dereva hupata nguvu ambayo haikutoka mguuni mwake. Diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, haina msaada huo. Pedi mbili huibana kutoka pande mbili, na nguvu inayopatikana ni ile tu iliyoletwa na mafuta. Kwa msukumo uleule wa pistoni, jozi ya viatu vya kawaida hutoa nguvu ya kusimamisha inayokaribia mara tatu ya ile ya jozi ya pedi, na ndiyo sababu pistoni ya kalipa, yaani kile kibanio kinachozishika pedi, hutengenezwa kubwa. Silinda ya gurudumu yenye kipenyo cha milimita 20.6 ina eneo la milimita za mraba 333 hivi. Pistoni ya kalipa yenye kipenyo cha milimita 38 ina eneo la milimita za mraba 1,134. Naomba mzishike namba hizo mbili, kwa maana tutazirudia tukifika kwenye masta silinda, yaani ile pampu ya pedali inayosukuma mafuta kwenda kwenye magurudumu.

Wapo wanaoamini kwamba dramu ya nyuma ni mabaki ya zama za kale ambayo watengenezaji waliyaacha kwa ubahili. Ni kweli kwamba dramu ni rahisi kuitengeneza, lakini historia haiungi mkono dhana hiyo yote. Frederick Lanchester wa Uingereza alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, kwa hiyo diski si mtoto wa juzi. Ilijipatia jina mwaka 1953, pale Jaguar yenye diski za Dunlop iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans. Miaka miwili baadaye Citroën DS ilizinduliwa ikiwa na diski mbele na dramu nyuma. Mpangilio huo ndio tulio nao mpaka leo kwenye Probox zinazobeba miraa na mayai, kwenye HiAce za matatu na kwenye Hilux nyingi. Tena Volkswagen, iliyo na uwezo wa kufunga chochote inachotaka, imefunga dramu nyuma ya magari yake ya umeme ya ID.3 na ID.4, kwa sababu mota ya umeme hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo, na diski isiyopata kazi ya kutosha hushika kutu.

Sababu ya msingi iko kwenye uzito. Gari linapofunga breki, uzito huhamia mbele, mkia ukawa mwepesi, na magurudumu ya mbele yakabeba takriban theluthi mbili ya kazi yote, wakati mwingine zaidi. Gurudumu la nyuma halihitaji nguvu nyingi. Linahitaji nguvu iliyopimwa. Likipewa zaidi ya linavyostahimili, tairi hukwama na kuteleza kabla ya lile la mbele, na hapo mkia wa gari huanza kutaka kuupita uso. Dereva aliyewahi kukutana na hali hiyo kwenye Thika Road mvua ya kwanza inapoanza kunyesha juu ya vumbi na mafuta hahitaji maelezo kutoka kwangu.

Kwa nini basi mtu atake diski nyuma? Jibu la kweli ni joto, na hapa naomba tufanye hesabu kidogo. Chukueni gari la tani 3, yaani pikapu iliyopakiwa au matatu iliyojaa. Ukilisimamisha kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, breki hupokea nishati ya takriban kilojuli 740, na yote hugeuka kuwa joto. Sasa liacheni gari hilohilo literemke mlima kwa mwendo usiobadilika, likizuiwa na breki peke yake. Kwa kila mita 100 za kimo linazoshuka, breki hupokea zaidi ya kilojuli 2,900, sawa na kulisimamisha gari hilo mara nne mfululizo kutoka kilomita 80 kwa saa. Mtu atoke ukingoni mwa Bonde la Ufa, upande wa Limuru, ashuke hadi Mai Mahiu akiwa na shehena na mguu juu ya pedali, kisha ajiulize joto hilo limekwenda wapi.

Kwenye dramu, joto hilo limefungiwa ndani. Dramu ikipata moto hutanuka na kujitenga na viatu, kwa hiyo pedali huanza kushuka chini kuliko kawaida. Wakati huohuo bitana ya viatu, yaani tabaka lake linalosugua, hupoteza uwezo wake wa kusugua, na dereva hukanyaga kwa nguvu zaidi akipata kidogo zaidi. Diski hupitiwa na upepo pande zote mbili, na ikitanuka kwa joto huelekea kwenye pedi badala ya kuzikimbia. Ikiingia majini, huyakamua kwa mizunguko michache, ilhali dramu iliyojaa maji ya mafuriko huchukua muda kukauka. Upande wa pili wa mizani, dramu imefunikwa, na kwenye barabara za murram na matope diski ya nyuma hupigwa na mchanga unaorushwa na magurudumu ya mbele, pedi zikaisha upesi. Mwenye shamba Narok anayeishi kwenye tope asiniambie kwamba pedi zimeisha mapema nami nilimwonya.

Kwa hiyo ukiniuliza nani anafaidika, nitasema ni yule anayebeba mzigo mara kwa mara kwenye miteremko mirefu, anayevuta trela, aliyeongeza nguvu za injini, au mwenye gari kuukuu kama Land Rover Series III, lililotoka kiwandani na dramu kwenye magurudumu yote manne. Naye huyu wa mwisho aanze na diski za mbele kabla ya kuzungumzia nyuma. Mwenye Vitz anayetoka Rongai kwenda mjini na kurudi hana sababu ya kiufundi. Anayo sababu ya urembo, na sitamcheka, kwa kuwa rimu za spoti huonyesha kila kilicho nyuma yake. Wapo waliopaka dramu rangi nyekundu, na wapo waliobandika vifuniko vya plastiki vyenye umbo la kalipa juu yake. Kwa jinsi nionavyo mimi, yule wa rangi nyekundu ni mwenye busara kuliko yule aliyeunga diski ovyo, ingawa plastiki karibu na breki siipendekezi kwa mtu yeyote.

Kabla hatujafungua spana, hebu tuichunguze dramu tuliyonayo. Sehemu kubwa ya malalamiko ya breki dhaifu za nyuma yanayofika kwenye gereji zetu huwa ni ya dramu isiyorekebishwa. Kati ya viatu kuna kirekebishaji, yaani skrubu yenye gurudumu dogo la meno, ambalo hujizungusha lenyewe kila viatu vinapolika ili nafasi baina ya kiatu na dramu isiongezeke. Kirekebishaji cha kushoto na cha kulia vina nyuzi zinazopingana. Fundi aliyevifungua vyote viwili kwa pamoja na kuvichanganya mezani atavifunga kinyume, na kuanzia siku hiyo kila kirekebishaji kinapofanya kazi kitakuwa kikivirudisha viatu nyuma badala ya kuvisogeza mbele. Pedali itashuka wiki baada ya wiki, mteja ataambiwa masta silinda imekufa, atanunua nyingine, na hali itabaki ileile. Fungueni upande mmoja kwanza, ule mwingine ubaki kuwa kielelezo chenu.

Tazameni pia kama mipira ya silinda ya gurudumu inavuja, na mwulizeni mteja kama kuna mtu aliyewahi kuongeza mafuta ya injini au ya usukani kwenye chombo cha mafuta ya breki, maana mafuta ya asili ya petroli huivimbisha mipira hiyo na kuiharibu yote. Pimeni kipenyo cha ndani cha dramu: kikomo chake kimeandikwa juu ya chuma, na dramu iliyokerezwa kupita kikomo hicho haifai hata kama inang'aa. Vumbi lililomo ndani msilipulize kwa kompresa. Bitana nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, nayo ikiingia kwenye mapafu haitoki. Loweka, pangusa, tupa kitambaa. Ukimaliza haya yote na gari bado linaishiwa na breki kwenye mteremko likiwa na mzigo, sasa tuzungumze diski.

Njia salama kuliko zote ni kutafuta ndugu wa gari hilo, yaani gari la mtindo uleule au wa karibu ambalo kiwanda chenyewe kililipa diski nyuma, kisha uchukue kila kitu: habu, yaani kitovu cha gurudumu, au ekseli nzima, diski, kalipa pamoja na breketi zake, hozi, kebo za hendibreki, masta silinda, na vali ya kugawanya shinikizo. Nairobi tunayo bahati ya soko la magari yaliyokatwa nusu yanayotoka Japani, kwa hiyo mara nyingi seti kamili hupatikana. Anayenunua kalipa na diski tu kwa sababu ndizo zinazoonekana amenunua nusu ya kazi. Ukipata diski, tafuta maandishi ya unene wa chini ulioruhusiwa yaliyochongwa pembeni au katikati yake, uipime kwa kalipa ya kupimia, na uikatae iliyo karibu na kikomo hata muuzaji akiapa kwa jina la mama yake.

Pale ambapo seti ya kiwandani haipo, watu hutengeneza breketi ya kushikia kalipa. Hapo nawaomba mnisikilize kwa makini, hasa nyinyi mnaochomelea. Chukueni gari la tani 2 linalofunga breki kwa nguvu kwenye lami kavu, magurudumu ya nyuma yakifanya asilimia 30 ya kazi. Tairi likiwa na nusu kipenyo cha sentimita 33 na pedi zikishika diski kwa umbali wa sentimita 11 kutoka katikati, kalipa moja husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 700 na zaidi. Breketi hubeba mzigo huo kila mguu unapokanyaga, kisha huachwa, kisha hubebeshwa tena, na kati yake hutikiswa na mashimo ya barabara. Bati la milimita 4 lililokatwa kwa gesi na kubandikwa kwenye kasha la ekseli kwa alama chache za welding halina kazi hapo. Breketi ifungwe kwa bolti kwenye yale matundu yaliyokuwa yakishika bamba la nyuma la dramu, ikatwe kutoka kwenye chuma kinene, na bolti ziwe za daraja la 10.9 zilizokazwa kwa spana ya kupimia. Kalipa ikae katikati ya diski, nayo diski ikae katikati ya habu bila kuyumba, na rimu ijaribiwe kabla ya kununua chochote, kwa sababu rimu nyingi za inchi 13 na 14 hugonga kalipa.

Sasa turudi kwenye zile namba mbili. Pistoni ya kalipa yetu ina eneo zaidi ya mara tatu la silinda tuliyoitoa, na kila pedi inavyolika pistoni husogea mbele na kubaki huko, ikiacha nafasi nyuma yake ijazwe na mafuta. Dramu hufidia kulika kwa viatu kwa kile kirekebishaji, kwa hiyo kiwango cha mafuta hakishuki sana; diski hufidia kwa mafuta yenyewe. Chombo kidogo cha mafuta kilichotosha dramu kinaweza kukauka pedi zikiwa bado na uhai, hewa ikaingia kwenye mfumo. Wengine hukimbilia masta silinda kubwa, nayo ina gharama yake. Ukitoka kwenye kipenyo cha milimita 22.2 hadi 25.4, unapata mafuta mengi zaidi kwa kila kukanyaga, lakini kwa mguu uleule shinikizo hupungua kwa karibu asilimia 24. Pedali itakuwa ngumu na fupi, mteja atasifu kwamba breki "imekaza", kumbe gari linahitaji mguu mzito zaidi kusimama pale pale liliposimama jana.

Hapa mahali tunapoishi pana neno lake. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina shinikizo pungufu kwa karibu asilimia 18 ikilinganishwa na ya Mombasa. Busta ya breki ya gari dogo, yaani kifaa kinachouongezea mguu nguvu, hufanya kazi kwa tofauti ya shinikizo kati ya hewa ya nje na utupu uliotengenezwa na injini, kwa hiyo busta ileile ina msaada mdogo hapa kuliko pwani, na mdogo zaidi ukipanda Limuru. Kwa kuwa diski haijikazi yenyewe kama kiatu cha dramu, udhaifu wa busta huonekana zaidi baada ya kubadilisha. Kwenye injini za dizeli utupu hutengenezwa na pampu, ambayo kwenye HiAce na Hilux nyingi za zamani imepachikwa nyuma ya alteneta, na pampu iliyochoka hulaumiwa mara chache mno. Ijaribuni hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyageni pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ishikilieni hapo, kisha washeni injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta ipo hai. Isiposhuka, msiendelee na mambo ya diski.

Nije kwenye vali, ambazo ndizo zinazosahaulika kuliko vitu vyote. Baadhi ya masta silinda za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya dramu huwa na vali ndogo inayobakiza shinikizo la kama paundi 10 kwa inchi ya mraba kwenye bomba, ili midomo ya mipira ya silinda ya gurudumu ibaki imebana na hewa isinyonywe ndani. Ukiiacha vali hiyo ikilisha kalipa, pedi hazitaachia diski kabisa. Zitaburuzika, diski itapata moto, na mteja atarudi akilalamikia harufu na mafuta ya gari yanayoisha upesi. Vali ya pili ni ile inayogawanya shinikizo kati ya mbele na nyuma. Kwenye Hilux na HiAce vali hii imeunganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo: gari likipakiwa, mwili hushuka karibu na ekseli, fimbo husogea, na vali huruhusu shinikizo zaidi nyuma, likiwa tupu, huruhusu kidogo. Mmeona wenyewe magari ambayo fimbo hiyo imefungwa kwa waya, au vali imeondolewa na mabomba yakaunganishwa moja kwa moja "ili breki ishike". Gari la namna hiyo likiwa tupu kwenye barabara yenye maji ni mtego. Mmeona pia pikapu zilizoinuliwa kwa springi ndefu bila fimbo kurefushwa, ambazo vali inadhani daima ziko tupu hata zikibeba simenti. Ukifunga diski nyuma, mgawanyo ule wa kiwandani haukuhusu tena. Tumia vali ya gari ulilochukulia diski, au funga vali ya kurekebishwa kwa mkono na uipime barabarani, ukianza na shinikizo dogo nyuma na kuongeza taratibu.

Magari yenye ABS, yaani mfumo wa kompyuta unaozuia magurudumu yasikwame, yana kikwazo chake. Kihisi cha mwendo wa gurudumu na pete yake ya meno viko kwenye habu, na kompyuta imefundishwa tabia ya dramu za gari hilo. Ukitumia habu ya gari jingine yenye idadi tofauti ya meno, kompyuta itaamini kwamba gurudumu moja linakimbia kuliko mengine. Kama huna habu zenye pete sawa na mabomba ya mtindo uleule wa gari, mimi ningekushauri usiiguse kazi hiyo.

Hendibreki ndiyo inayoziangusha kazi nyingi za namna hii, na nitakaa hapa kidogo. Dramu ni hodari sana kwa kushika gari lililosimama. Wenzo mmoja ndani yake husukuma viatu, na kile kiatu kinachojikaza humalizia kazi. Diski inahitaji njia yake. Njia ya kwanza ni diski yenye kofia pana katikati, ambayo ndani yake mmefichwa dramu ndogo kwa ajili ya hendibreki tu. Magari mengi makubwa ya Toyota yamepangwa hivyo, na ndiyo njia ninayoipenda. Njia ya pili ni kalipa ambayo pistoni yake ina skrubu ndani, kebo ikivuta wenzo, skrubu husukuma pistoni. Kalipa hii ina siri moja: wakati wa kubadilisha pedi, pistoni hairudishwi kwa kubanwa na jiliwa, huzungushwa kwa kifaa chenye meno mawili yanayoingia kwenye mifuo ya uso wa pistoni, huku ukiisukuma taratibu. Anayeibana kwa nguvu huvunja utaratibu wa ndani, na hendibreki hufa ingawa breki ya mguu inafanya kazi vizuri, kwa hiyo hakuna anayegundua mpaka gari liachwe kwenye kilima. Kebo nazo lazima ziwe za urefu na mvuto unaolingana na wenzo mpya. Kanuni namba 13 ya Umoja wa Mataifa kuhusu breki inataka breki ya kuegesha ilishike gari lililopakiwa kwenye mteremko wa asilimia 18, nami sioni kwa nini gereji ya Nairobi ijiwekee kiwango cha chini ya hapo. Fundi akikwambia kwamba utakuwa ukiliegesha kwa kuliacha ndani ya gia na jiwe nyuma ya tairi, chukua ufunguo wako uende nyumbani.

Mabomba yawe ya chuma cha breki au ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ncha zake zikunjwe mara mbili. Bomba la shaba tupu la friji hupasuka kwa uchovu wa mtikisiko. Hozi zipimwe gari likiwa limeinuliwa kwa jeki kwenye chesisi huku ekseli ikining'inia, kwani iliyo fupi huonekana hapo.

Kisha kutoa hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki. Gari moja lililetwa kwangu likitoka kwenye gereji nyingine, pedali yake laini kama sifongo, na mwenyewe alikuwa ameambiwa kwamba diski "huwa hivyo mwanzoni". Skrubu za kutolea hewa zilikuwa zikitazama chini. Kalipa ya kushoto ilikuwa imefungwa kulia na ya kulia kushoto. Zilikaa vizuri, bolti ziliingia bila shida, lakini hewa hupanda juu, na juu hapakuwa na pa kutokea. Kuzibadilishana kulitosha. Skrubu hiyo iwe mahali pa juu kabisa pa kalipa, na kazi ianzie kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa magari yetu ya usukani wa kulia mara nyingi ni la nyuma kushoto. Mafuta yawe mapya. DOT 3, mojawapo ya madaraja ya mafuta ya breki, ikiwa kavu huchemka kuanzia nyuzi 205 za selsiasi, lakini ikishanyonya unyevu hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo. Chupa iliyokaa wazi tangu mwaka jana kwenye rafu ya gereji imekwisha kunywa maji ya kutosha.

Jaribio la kwanza lifanyike kwenye uwanja mtupu, kwa mwendo mdogo, gari tupu, na mtu mwingine akisimama pembeni kutazama ni gurudumu lipi linalokwama kwanza. Ni lazima liwe la mbele. Rudieni kwenye ardhi iliyomwagiwa maji, kisha rudieni na mzigo. Pedi mpya zizoezwe kwa kupunguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 10 mara kadhaa, bila kusimama kabisa na kuzibana diski zikiwa za moto. Baada ya hapo pelekeni gari kwenye mashine ya roli inayopima nguvu ya breki ya kila gurudumu peke yake, kwa sababu jicho haliwezi kuona tofauti ya kushoto na kulia, na roli huiona mara moja. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inadai gari liwe katika hali salama barabarani, na NTSA, taasisi ya taifa ya usalama na usafiri barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ndiyo yenye mamlaka ya ukaguzi. Mwenye gari akaulize huko kabla ya kazi kuanza, na aiarifu kampuni yake ya bima kwa maandishi, asije akaambiwa baada ya ajali kwamba gari alilolipia bima silo lililogongana.

Jambo moja la mwisho linahusu karatasi. Mkimaliza kazi, andikeni kwenye kadi ambayo mteja ataiweka ndani ya gari: kalipa na diski zimetoka kwenye gari la aina gani na la mwaka gani, pedi zake ni zipi, masta silinda ina kipenyo gani, na vali imewekwa wapi. Kwenye kaunta ya vipuri, mwuzaji atatazama kitabu cha usajili na kutoa viatu vya breki, maana kitabu kinasema hivyo, na fundi atakayelipata gari hilo Kisumu au Machakos usiku hatakuwa na namba yenu ya simu.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Nimeambiwa kuna kalipa ya skrubu na jiliwa pale mezani. Wenye maswali waulize sasa, na wanafunzi wasogee mbele waone jinsi pistoni hiyo inavyozungushwa.